Ubani Uliopikwa Jikoni

Mtu aliyelelewa pwani hahitaji kufundishwa shuleni kwamba utomvu wa fenesi haupatani na maji. Amekwisha kuona tangu utotoni jinsi bibi yake, kabla ya kulipasua tunda lile, anavyomimina mafuta ya nazi kidogo katika kifuu, akakipaka kisu pande zote mbili, akajipaka viganja na baina ya vidole, na hapo tena ndipo anapokata. Na amekwisha kumwona pia yule asiyesikia la mkuu, ambaye amelivamia fenesi kwa mikono mikavu, kisha akashinda kisimani akijisugua kwa sabuni na makumbi mpaka ngozi ikamwiva, na ule weupe unaonata ukabaki pale pale. Watoto wa kiume nao walikuwa na maarifa yao: waliukinga utomvu wa mfenesi, wakaupasha moto kwa mafuta, wakapata ulimbo wa kutegea ndege. Hakuna kati ya watu hawa aliyesema kwamba anafanya jaribio la sayansi, walakini kila mmoja alikwisha kuuliza swali ambalo wanazuoni wa tabia za vitu huliuliza hadi leo, yaani kitu hiki kinakubaliana na nini, na kinakataa nini.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya jaribio moja dogo ambalo nimelifanya na wanafunzi kwa miaka mingi, na ambalo halijapata kunichosha. Mwanafunzi hupewa kipande cha ubani wa kutafuna, huu wa dukani ambao watoto wa bara huuita bigijii au bazoka kwa majina ya aina zilizozoeleka madukani, naye huutafuna kwa muda wa dakika 10 hivi mpaka utamu wote umekwisha na umebaki ule mpira mtupu usio na ladha. Hapo huongezewa kipande cha chakleti, akaambiwa avitafune vyote viwili pamoja. Mwanzo hufurahia utamu. Kisha uso wake hubadilika, kwa kuwa ubani ambao muda mfupi uliopita ulikuwa ukivutika na kurudi unaanza kulegea, unakatikakatika, unakuwa mfano wa uji mzito, na baada ya kitambo anautafuta kwa ulimi hauoni tena. Umekwenda wapi? Nimelisikia swali hilo kwa sauti za watoto wengi, na kila ninapolisikia hutambua kwamba aliyeuliza amesimama mahali walipopata kusimama watu walioianzisha biashara nzima ya ubani wa kutafuna, watu ambao aghalabu hawakuwa na maabara wala vyombo vya ghali, bali walikuwa na jiko la nyumbani, sufuria, na kitu kinachonata ambacho hawakujua wakifanye nini.

Kwanza tulitazame jina, kwa maana jina lenyewe ni ushahidi. Ubani ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako huitwa luban, na asili yake ni utomvu mweupe wa miti inayoota Dhofar katika Omani, na Hadhramaut, na nyanda kavu za kaskazini ya Somalia. Sisi tumeuzoea zaidi chetezoni, katika arusi na khitma na nyumba ya mzazi aliyejifungua; lakini watu wa Omani tangu zamani huuchagua ule uliong'aa kuliko wote, ambao huuita hojari, wakautafuna ili kuisafisha pumzi, na wengine huuroweka katika maji usiku kucha wakayanywa asubuhi kwa ajili ya tumbo. Kwa hiyo, ubani wa viwandani ulipofika katika bandari zetu umefungwa katika karatasi za rangi, watu wa pwani hawakuona haja ya kutafuta jina geni. Walikwisha kuwa nalo, kama vile watu wa Misri nao walivyouita kwa neno lile lile la luban. Kadhalika Wayunani wa kisiwa cha Chios hutafuna utomvu wa kijiti chao, ambao Waarabu huuita mustaka, na biashara yake ilikuwa na faida kubwa hata Wagenoa wakakitawala kisiwa kile tangu 1346 hadi 1566, wakauhodhi utomvu wote.

Huko kaskazini ya Ulaya, ambako hakuna ubani wala mustaka, watu walilichoma gome jeupe la mti uitwao mbetula wakapata lami nyeusi, wakaitumia kugandishia ncha za mishale katika mipini yake, nao waliitafuna pia. Mwaka 2007 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Derby, Uingereza, aliyekwenda kusaidia kazi ya uchimbaji wa mambo ya kale Kierikki katika nchi ya Finland, aliokota kipande cha lami hiyo chenye alama za meno zilizopata miaka 5,000. Na mwaka 2019 wanazuoni wa Denmark walitangaza kwamba kipande kingine, kilichopatikana Syltholm katika kisiwa cha Lolland, chenye umri wa miaka 5,700 hivi, kilikuwa kimezihifadhi chembe za urithi za mtu aliyekitafuna, naye alikuwa mwanamke, na ndani yake zilikuwamo alama za bata na za kokwa alizokuwa amekula. Mimi husimama kidogo katika habari hii kila ninapoisoma, nikitafakari jinsi kitu tunachokitupa njiani bila ya fikira kilivyoweza kuutunza mwili wa mtu kuliko kaburi lake. Na sababu ya kuweza hivyo ni ile ile iliyomtesa yule aliyelivamia fenesi kwa mikono mikavu, kwamba maji hayakuweza kuingia ndani yake.

Lakini ubani wa kutafuna wa zama zetu hautokani na lami ya mbetula, bali na mti wa Amerika ya Kati ambao tunda lake Wahindi wa pwani yetu huliita chiku. Ukiukata mti huo hutoa maziwa meupe, na Wamaya na Waazteki walijua tangu kale kuyapika mpaka yakashikana, wakayatafuna. Padri Bernardino de Sahagún, Mhispania aliyeishi na Waazteki katika karne ya 16 na kuandika habari za desturi zao kwa lugha yao wenyewe, ametuachia maelezo kwamba wasichana wasioolewa waliweza kutafuna mbele za watu. Wanawake walioolewa na wajane walitafuna faraghani tu. Ama mwanamume aliyeonekana akitafuna hadharani alijipatia sifa mbaya. Mzee wa pwani anayemkanya bintiye asitafune ubani mbele ya wageni angeielewa mila hiyo bila ya mkalimani.

Sasa tuje katika jiko la kwanza. Katika jimbo la Maine, lililo kaskazini mashariki ya Marekani, Wahindi Wekundu walikuwa wakitafuna utomvu wa sprusi, mti wa jamaa ya misonobari, na walowezi wa Kiingereza wakaiga kwao. Mnamo 1848 kijana mmoja aitwaye John Curtis, pamoja na baba yake, waliuweka utomvu huo katika sufuria juu ya jiko la nyumbani kwao, wakauchemsha mpaka ukawa mzito, wakaengua magome na uchafu uliokuwa ukielea, wakaumimina na kuukandamiza uwe bapa, wakaukata vipande vidogo, wakavigaragaza katika unga laini wa mahindi ili visishikane, na kuvifunga kimoja kimoja katika karatasi nyembamba. Mwanamke yeyote apikaye kashata au halua atazitambua hatua hizo zote, pamoja na ule ujuzi wa kujua kwa jicho ni wakati gani sufuria iondoke motoni. Miaka michache baadaye Curtis alihamia katika mji wa Portland, na hapo jiko likageuka kiwanda.

Hapa sina budi kuingiza neno la pwani yetu, maana miaka hiyo hiyo, si mbali na Maine, mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts ulikuwa ukinunua utomvu wetu. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, ulitiwa sahihi mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akakaa Unguja kuwa balozi wa kwanza wa nchi yake. Na pamoja na pembe za ndovu, kitu walichokitaka mno wafanya biashara wale ni sandarusi, iliyochimbwa katika mchanga wa Mrima, yaani pwani ya bara inayoielekea Unguja, mahali ilipokuwapo misitu ya msandarusi zamani, na ambayo mafundi wa Ulaya na Marekani waliitengenezea vanishi ya magari ya farasi na ya samani za thamani. Sandarusi ya ardhini hutoka na gamba la udongo, nayo ilisafishwa kwa kuoshwa katika maji ya magadi, magadi yale yale ambayo mama zetu huyatia katika maharage ili yaive upesi. Na baada ya kuoshwa hudhihirika juu yake vijipele vidogo vidogo, kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, ambavyo ndivyo alama ya sandarusi bora. Ile mbichi iliyokingwa mtini, isiyokaa ardhini, watu wetu waliiita chakazi, na wafanya biashara wa Kiingereza wakaliharibu neno hilo mpaka likawa katika lugha yao jina la punda. Nalieleza hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu wachimbaji wa Mrima walizijua daraja za utomvu kwa mkono na kwa jicho tu, na elimu yao hiyo haikuandikwa na mmoja wao hata leo.

Hata kabla Curtis hajachemsha utomvu wake, watu wengine Marekani walikuwa wakihangaika na mpira, ambao nao ni maziwa ya mti. Shida ya mpira ilikuwa kwamba wakati wa joto ulikuwa ukilegea na kunuka, na wakati wa baridi ukikauka na kukatika. Charles Goodyear, aliyefilisika na kufungwa kwa madeni mara kadha wa kadha kwa ajili ya kuutafutia dawa, aliupata ufumbuzi mwaka 1839 katika mji wa Woburn, pale mpira aliokuwa ameuchanganya na kiberiti ulipoangukia juu ya jiko la moto, usiyeyuke kama ilivyo desturi yake, bali ukawa imara kama ngozi. Jiko tena. Huku kwetu wakinga mpira wa mwituni, ule utambaao ambao wanazuoni wameuita kwa jina la Sir John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, waliyagandisha maziwa yake kwa maji ya chumvi au ya matunda makali, wakauviringa uzi juu ya uzi mpaka ukawa tufe. Na kwa kuwa hawakuwa na neno jingine, tufe hilo na kitu chenyewe vikachukua jina moja, ndiyo maana mpaka leo tunacheza mpira kwa mpira.

Miongoni mwa watu wa kwanza kupewa hati ya haki ya uvumbuzi wa ubani wa kutafuna alikuwa tabibu wa meno, William Semple wa Mount Vernon katika jimbo la Ohio, tarehe 28 Desemba 1869. Yeye aliuyeyusha mpira katika nafta na spiriti, akautia chaki ya unga na mizizi ya susi, ili mtu anapotafuna meno yasuguliwe na taya zipate nguvu. Hakuuza hata kipande kimoja, na ukifikiri ladha ya nafta hutauliza kwa nini.

Kisa kikubwa ni cha Thomas Adams, na hapa nitakaa kidogo. Adams alikuwa mpiga picha mwenye tabia ya kubuni vitu, naye aliishi Staten Island, ng'ambo ya bandari ya New York, ambako katika miaka ya 1860 alifika jenerali Antonio López de Santa Anna, aliyepata kuwa rais wa Meksiko mara nyingi na sasa alikuwa mkimbizi asiye na mali. Santa Anna alikuwa na chikle, ule utomvu wa mti wa chiku, na tamaa yake ilikuwa kwamba ukiweza kugeuzwa kuwa mpira wa bei nafuu, yeye angepata fedha za kumrudisha nchini mwake. Adams alishika kazi. Alijaribu kutengeneza magurudumu ya baisikeli, akashindwa. Viatu vya mvua, akashindwa. Vitu vya kuchezea watoto, akashindwa. Akautia kiberiti kama alivyofanya Goodyear, wala haukubadilika. Jenerali akachoka akaenda zake, akamwachia Adams shehena ya utomvu na hasara.

Sababu ya kushindwa kwake hakuijua, na hapana aliyeijua wakati ule. Mpira wa kweli ni molekuli ndefu mno zilizoungana kama mnyororo, na kiberiti huufunga mnyororo mmoja na mwenziwe, ukapatikana mtandao usiolegea. Ama chikle, minyororo yake ni mifupi, nayo imechanganyika na gundi nyingi isiyokuwa mpira, kwa hiyo hata ukiifunga haipatikani nguvu. Lakini ule udhaifu wenyewe, kwamba hulainika kwa joto la mwili na kushikana bila ya kuwa mgumu, ndio hasa anaoutaka mtafunaji. Kwa mujibu wa kisa kilichohifadhiwa na ukoo wake, Adams alikuwa karibu kuitupa shehena yote mtoni, aliposimama katika duka la dawa akamwona msichana mdogo akinunua kwa senti moja kipande cha nta ya kutafuna, akakumbuka kwamba watu wa Meksiko huitafuna chikle, na kwamba Santa Anna mwenyewe alikuwa akiitafuna. Jioni ile yeye na mwanawe wakairoweka chikle katika maji ya moto, wakaikanda kwa mikono kama unga wa chapati, wakaifinyanga vidonge vidogo visivyotiwa sukari wala harufu yoyote, wakavifunga katika karatasi. Mwaka 1871 alipata hati ya haki ya uvumbuzi wake. Mtu huyu alikuwa ameuliza swali lisilofaa kwa muda mrefu, akilazimisha kitu kiwe kile ambacho tabia yake haikuridhia. Na siku alipokiuliza chenyewe kinataka kuwa nini, kilimjibu jikoni kwake, kwa maji ya moto tu.

Tangu hapo Marekani ilishikwa na shauku ya kutafuna, na mzigo wake ukawaangukia watu wa misitu ya Yucatán, na Petén katika Guatemala, na nchi iitwayo leo Belize. Hao waliitwa chiclero. Kazi yao ilikuwa ya masika, maana utomvu hautoki vema ila mti umeshiba maji. Mtu alijifunga kamba kiunoni akaizungusha shinani, akapanda kwa miba ya chuma miguuni, akilitia gome chanjo za mshazari kwa panga, huku na huku, mpaka juu sana, ili maziwa yateremke kama maji katika mfereji wa bati hadi mfuko uliofungwa chini. Kamba ikikatwa kwa panga lake mwenyewe, hapakuwa na wa kumwambia habari. Kisha maziwa ya siku kadha yalikusanywa katika chungu kikubwa cha chuma, yakachemshwa huku yakikorogwa bila ya kupumzika, kwa maana yakiungua hayana thamani na yakibaki na maji huoza njiani, yakamiminwa katika viunzi na kupigwa chapa. Mti uliokatwa hivyo ulihitaji kupumzishwa miaka kadha kabla ya kuchanjwa tena. Na walikuwapo usubi wa msituni waliowaachia wakinga wale kidonda cha sikio kisichopona upesi, ambacho madaktari wamekiita mpaka leo kidonda cha chiclero. Kwa kuwa hao ndio waliokuwa wakiingia mahali pasipoingiwa na mtu, mwanazuoni Sylvanus Morley aliahidi kumpa zawadi mkingaji atakayemletea habari za magofu yenye maandishi, na kwa njia hiyo mwaka 1916 akafikishwa katika mji wa kale wa Wamaya alioupa jina la Uaxactún. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu miji ile iliyofunikwa na misitu tunawiwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu cha kutafunwa na wengine.

Ya wafanya biashara wakubwa nitayapita upesi. William Wrigley alifika Chicago mwaka 1891 akiuza sabuni. Akawapa wanunuzi hamira ya unga kuwa bakhshishi, hamira ikapendwa kuliko sabuni. Akauza hamira na kutoa ubani kuwa bakhshishi, ubani ukapendwa kuliko hamira. Na mwaka 1893 akatoa aina zake mbili ambazo jina lake limejulikana kwazo, Juicy Fruit na Spearmint. Mwaka 1915 aliupeleka ubani wake bure kwa kila mtu aliyeandikwa katika vitabu vya simu vya Marekani. Kiwanda cha kampuni yake kilikuwako Nairobi kwa muda mrefu, na ndiko ilikotoka ile bigijii.

Ama ule ubani wa kupuliza tufe unastahili maneno zaidi, kwa kuwa ulipatikana kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa hesabu. Kampuni ya Frank Fleer katika mji wa Philadelphia ilijaribu kuutengeneza mwaka 1906, lakini tufe lilipopasuka lilinata usoni, na halikutoka ila kwa tapentini. Walter Diemer, karani wa hesabu mwenye umri wa miaka 23, alikuwa akichanganya hiki na kile katika saa zake za ziada, na mwaka 1928 akapata mchanganyiko uliovutika sana na kunata kidogo. Rangi aliyoiona karibu ilikuwa ya waridi tu, akaitia hiyo. Na dunia nzima ikaamini tangu hapo kwamba ubani wa kupuliza sharti uwe na rangi hiyo. Alipoupeleka dukani kuujaribu, ulikwisha siku ile ile.

Baada ya Vita Kuu ya Pili misitu haikuweza tena kuyatosheleza mataya ya dunia, na viwanda vikaacha chikle vikachukua vitu vilivyotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, jamaa za mpira wa magari na za gundi nyeupe ya maseremala. Wakingaji wa Petén na Yucatán walipoteza riziki. Lakini tabia ya kitu haikubadilika, kwa maana waliobuni ubani huo mpya walikuwa wakiiga sifa za chikle moja baada ya moja. Na kwa sababu hiyo mwanafunzi wa leo, akiwa na vitu vya jikoni tu, anaweza kuyaona kwa macho yake mambo yale yale aliyokutana nayo Adams.

Na aanze na mizani, hasa ya sonara kama atapata wa kumwazima. Ubani wenye sukari ukipimwa kabla ya kutafunwa, kisha ukatafunwa dakika 15, ukakaushwa na kupimwa tena, utaonekana umepoteza zaidi ya nusu ya uzani wake. Hiyo ilikuwa sukari, na mate ni maji, na sukari hupendana na maji. Kilichobaki ndicho kisichopendana nayo. Hapo akiligawa lile bonge katika vikombe, kimoja cha maji, kimoja cha siki, kimoja cha maji ya sabuni, na kimoja cha mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, akaviacha mpaka kesho yake, ataona kwamba vitatu vya mwanzo havikufanya kazi ya maana, na cha nne kimeulegeza ubani ukawa kama ute. Mafuta na ubani ni ndugu, na minyororo ya mmoja hupata nafasi ya kuteleza katikati ya mwenziwe. Chakleti nayo ina mafuta ya kakao, ambayo huyeyuka kwa joto la kinywa. Huko ndiko ulikokwenda ubani wa mwanafunzi wangu. Mafuta ya taa nayo huutoa ubani katika kitambaa, kwa nasaba ile ile ya nafta ya Semple, ingawa mimi siwaruhusu watoto kuyashika karibu na moto, na sioni haja maadamu mafuta ya kupikia yapo.

Kitambaa kisichotakiwa kupakwa mafuta huwekewa barafu. Baridi huizuia minyororo ile isiteleze, ubani ukawa mkavu kama gamba, ukabanduka kwa ukucha; na hilo ndilo lililokuwa likiwapata watu wa Marekani waliovaa viatu vya mpira wa zamani wakati wa theluji. Mwenye kipimajoto na afanye jingine: atafune ubani wa nanaa, kisha anywe funda la maji yaliyokaa chumbani. Atasema yametoka mtungini sasa hivi, hali kipimajoto kikisema joto lake halikupungua hata nyuzi moja. Kwa maana nanaa huigusa mishipa ile ile ya fahamu iliyoumbwa kutuarifu baridi, ikaiamsha bila ya baridi kuwapo. Na mwenye kuogopa meno yake ajue kwamba katika mji wa Turku, Finland, katika miaka ya 1970, wanazuoni walithibitisha kwamba sukari iitwayo zailitoli haiwalishi wadudu waozeshao meno, na mwaka 1975 ubani wake ukaanza kuuzwa huko. Zailitoli hiyo ilikamuliwa katika mti wa mbetula, mti ule ule wa Kierikki.

Walimu wengi hawapendi ubani uonekane darasani, na nidhamu ina haki yake. Lakini sisi wa Tanzania tunayo sababu ya kuuchunga ulimi wetu mbele ya mwanafunzi mwenye swali la jikoni. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba mwaka 1963, alipoyaweka maziwa yaliyochemka pamoja na sukari katika jokofu bila ya kuyangoja yapoe, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Aliuliza akachekwa, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba; akaendelea kuuliza mpaka alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dakta Denis Osborne aliyekuja kuhutubia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na yule bwana, insafu yake na ikumbukwe, alirudi akajaribu. Mwaka 1969 wakaichapisha habari hiyo pamoja, na wataalamu wanahojiana juu yake mpaka leo.

Kwangu mimi swali lililonishinda kwa siku moja nzima liliulizwa na msichana wa darasa la sita, ambaye jaribio la chakleti halikumstaajabisha hata kidogo, kwa kuwa nyumbani kwao waliuza mafenesi. Alitaka kujua kwa nini bibi yake hukipaka kisu mafuta kabla ya kukata na si baada ya kukata, ikiwa mafuta huutoa utomvu nyakati zote. Sikumjibu. Tulileta fenesi moja na visu viwili vilivyo sawa, kimoja tukakipaka mafuta ya nazi, cha pili tukakiacha kikavu, tukakata kwa vyote viwili mpaka tunda likaisha na watoto wakala. Kisu cha mafuta kilipanguswa kwa kitambaa mara moja kikatakata; kile kikavu watoto wawili walikisugua kwa mafuta yale yale mpaka kengele ya adhuhuri ikalia, na shina la mpini lilikuwa bado linanata.